Siku Mkasi Alipocheka

Kabla hajapoteza masikio, Mkasi alikuwa na mdomo. Alikuwa mkataji katika karakana ya sare za shule, na jina lilitokana na kazi hiyo, ila wenzake walisema limemkaa mara mbili: anakata vitambaa, anakata na maneno. Ukimrushia neno moja anakurudishia matatu, na la mwisho lazima likuchome. Mteja akilalamika kwamba suruali imembana, Mkasi alimuuliza kwa upole kama ni suruali iliyopungua au ni mwenyewe aliyeongezeka.

Akiwa na miaka thelathini na minne akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tatu, siku nyingine hajitambui. Alipozinduka aliona midomo ya watu inacheza na sauti haitoki. Mwanzoni alidhani wanamtania. Akawaambia waache, na hapo ndipo alipogundua kwamba hata sauti yake mwenyewe haisikii.

Mdogo wake wa pekee, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alifunga nguo zake kwenye begi moja akahamia kwa dada yake. Mama yao walikuwa wameshamzika, alikufa kwa ugonjwa wa titi, na Mkasi ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Kwa hiyo walikuwa wamebaki wawili. Kitinda alinunua daftari kubwa la mistari akawa anamwandikia dada yake kila kitu: taarifa ya habari, maneno ya daktari, umbea wa majirani. Wakigombana watu nje ya dirisha, Kitinda aliandika nani kasema nini, na pembeni akachora uso wa aliyeshindwa. Mkasi alisoma akicheka machozi yanamtoka. Miaka miwili walikwenda hivyo, madaftari kumi na moja.

Kisha madaktari wakampasua nyuma ya sikio la kulia. Walipandikiza uzi mwembamba wa nyaya ndani kabisa, pale sikio linapojikunja kama nyumba ya konokono, ili upeleke sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Nje alipewa kinasa sauti cha kuvaa nyuma ya sikio na kidude cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, kinachonata kichwani kwa sumaku. Kidonda kilipopona akaitwa hospitali siku ya kuwasha kifaa. Mtu wa kwanza kusema naye alikuwa Kitinda.

"Dada, unanisikia?"

Jicho likamtoka Mkasi. "Unaongea kama bati linaloburutwa," akasema.

Walikumbatiana pale pale, mtaalamu wa usikivu akawaacha walie, akajifanya anatafuta karatasi.

Miezi ikapita, bati likawa sauti ya mtu, na sauti ya mtu ikawa sauti ya Kitinda. Katika chumba cha kupimia, mlango umefungwa, Mkasi alirudia maneno tisini katika kila mia bila kukosea. Lakini mtaalamu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, hakumficha.

"Hapa ndani uko sawa," alimwambia. "Penye kelele mambo yatakuwa mengine. Sikio la kuzaliwa nalo linachagua: huyu namtaka, hao wengine wakae kando. Hiki hakijui kuchagua vizuri. Kitakuletea wote kwa mpigo. Usione haya kuwaambia watu waje upande wako wa kulia, wakutazame usoni, warudie." Akampa na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. "Penye kelele mpe unayeongea naye akivae. Sauti yake itakuja kwako moja kwa moja."

Mkasi alishukuru, akakipeleka nyumbani, akakitia kwenye droo ya vifungo. Na kwenye droo kikakaa.

Si kwamba alikuwa mjinga. Watu walikuwa wamefurahi mno. Alirudi karakana wakampigia vigelegele, wakamtungia jina jipya, Bibi Antena, naye akalipokea kwa kicheko. Kila aliyekutana naye alisema, "Umepona! Mungu mkubwa!" Sasa mtu aliyepona atamwambiaje mwenzake "sijasikia"? Alijaribu siku za mwanzo. Mara ya kwanza watu walirudia. Mara ya pili walirudia kwa kupiga kelele. Mara ya tatu walimtazama kile kifungo kichwani na kuuliza, "Si umewekewa kifaa lakini?"

Basi akajifunza njia nyingine. Alisoma midomo. Aliokota neno moja hapa, moja pale, akayaunga kama fundi anavyounga vipande vya vitambaa hadi vitoe gauni. Wengine wakicheka, naye alicheka. Wakihuzunika, alitikisa kichwa. Mara nyingi alipatia. Akikosea, alilifanya kosa kuwa mzaha. Miaka minane hakuna aliyejua, hata Kitinda, maana walipokuwa wawili ilikuwa nyumbani, kimya, uso kwa uso, na huko Mkasi alisikia kila kitu. Kitinda akaolewa na dereva wa malori ya masafa, akazaa binti, akahamia mtaa wa pili. Madaftari yakawekwa juu ya kabati.

Ikafika ile wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Aliyewahi kukaa kwenye karakana ya sare anaijua wiki hiyo. Cherehani sita zinakwenda kwa pamoja, mashine ya overloki ya kushonea kingo inalia kama nyuki waliochokozwa, redio imefunguliwa hadi mwisho, wazazi wamejaa mlangoni kila mmoja anataka ahudumiwe wa kwanza. Mkasi alikuwa ameinama mezani na chaki, mbele yake tabaka ishirini za kitambaa cha kijani.

Kitinda aliingia mchana, mtandio kauvuta hadi ukafunika kinywa. Alisimama kushoto kwa dada yake. Wakati huo huo mwenye karakana, waliyemwita Mama Sare, alikuwa anamalizia kisa cha baba mmoja aliyeleta vipimo vya mtoto kwa kamba ya viatu, na chumba kizima kilikuwa kinaanguka kwa vicheko. Kitinda aliinama akaanza kusema. Alisema kwa muda kidogo. Mkasi aliona macho tu, midomo ilikuwa nyuma ya mtandio. Katika ile ghasia aliokota "dada", akaokota "mdogo", akaokota "ogopa kwenda", na mwisho kitu kama "peke yake".

Akaunga. Mpwa wake alikuwa anaanza darasa la kwanza wiki ile. Bila shaka mtoto anaogopa kwenda shule peke yake. Na kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, naye akacheka, akampiga mdogo wake begani kwa kofi la upendo.

"Ndivyo wanavyoanza wote!" alisema kwa sauti kubwa. "Atazoea tu!"

Kitinda alimtazama. Akauvuta mtandio, akapenya katikati ya wazazi, akaondoka. Mkasi alirudi kwenye chaki yake.

Tangu siku hiyo Kitinda akawa mtu wa mbali. Aliyekuwa anakuja kila Jumapili akaanza kukosa moja, kisha mbili. Ujumbe wa simu ukawa wa maneno mawili, "Tupo salama." Mkasi alijiuliza kamkosea nini, asipate. Halafu, kwa kuwa na yeye alikuwa na kiburi chake, akachukia. Alimwambia Mama Sare, "Mtu akishaolewa, dada anageuka kuwa jirani." Mara mbili alikwenda kumtembelea akakuta mlango umefungwa. Mara ya tatu hakwenda. Hivyo hivyo ikapita miezi saba.

Siku moja asubuhi shemeji yake alitokea mlangoni mwa karakana. Hakuwa mtu wa kufika pale. Alikuwa na ndevu za siku nyingi na shati limefungwa vifungo kombokombo. Alisema jambo. Cherehani zilikuwa zinakwenda.

"Nini?" Mkasi akauliza.

Akasema tena. Aliona "Kitinda", akaona "hospitali". Akamshika mkono akamvuta hadi stoo ya vitambaa. Ilikuwa chumba kidogo bila dirisha, majora yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, na vitambaa vinajua kumeza sauti. Hakuna mahali katika jengo lile palipokuwa kimya kama pale. Akafunga mlango.

"Haya sema, shemeji. Polepole."

"Kitinda amelazwa. Tangu juzi. Ni titi, shemeji. Ugonjwa umeshafika kwenye mifupa."

Mkasi alishika jora lililokuwa karibu. "Titi? Tangu lini? Mbona hakuniambia?"

Shemeji alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama. "Alikwambia," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Mimi nilikuwa safari. Alikuja hapa hapa kazini kwako, wiki ya kufungua shule, akakwambia ameona uvimbe mdogo, anaogopa kwenda hospitali peke yake. Ukacheka. Ukamwambia atazoea."

Kila neno lilifika. Hakuna hata moja lililopotea njiani. Katika stoo ile Mkasi alisikia hadi pumzi ya shemeji ikiingia na kutoka puani.

"Mimi sikusikia," alisema.

"Ulimjibu, shemeji."

"Nilimjibu. Lakini sikusikia."

Shemeji hakuelewa. Au alielewa akashindwa la kufanya na jambo hilo. Alifungua mlango akatoka.

Mkasi alikwenda nyumbani kwanza. Alimwaga droo ya vifungo kitandani, akachambua, akakipata kile kipaza sauti, na chaja yake imejikunja chini kabisa. Alikichaji saa nzima, amekaa anakitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kisha akaenda hospitali.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na mbili, feni mbili zinazokwaruza, vigari vya chuma vinavyopita, na kila mgonjwa alikuwa na wageni wake. Kitinda alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia ndani. Mkasi hakusalimia. Aliinama akambana kipaza sauti kwenye kola ya gauni.

"Nini hiki?" Kitinda akauliza, na sauti yake ikaingia kichwani mwa dada yake safi, kama wako wawili nyumbani.

"Ni cha kunisaidia nikusikie. Ninacho miaka minane. Kilikuwa kwenye droo."

Akamweleza yote. Alimweleza habari ya "mdogo" na "ogopa kwenda" na "peke yake", jinsi alivyodhani ni mtoto na shule. Alimweleza kwamba penye kelele hajawahi kusikia, tangu siku ya kwanza, kwamba anaunga na kubahatisha, na anacheka wengine wakicheka. Alisema bila kutua, akiogopa kutua.

Kitinda alikuwa anatazama dari. "Uliniambia nitazoea," akasema.

"Nilisema *a*-tazoea. Mtoto."

"Mimi nilisikia *u*-tazoea." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Kwa hiyo na mimi sikusikia. Mwenye masikio mazima." Kisha tabasamu likaondoka. "Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia si kitu, Dada. Nilikuwa na hofu kweli kweli. Nikasema nitamwambia yeye, maana yeye alimuuguza mama, anaujua. Ukacheka. Nilikasirika njia nzima. Lakini nilipofika nyumbani nikajiambia, Dada anaujua ugonjwa huu, kama ameucheka basi huu siyo. Nikakichukua kicheko chako kama cheti cha daktari. Sikwenda kupima. Miezi mitano sikwenda."

Mkasi aliweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Wale wengine sawa," Kitinda akaendelea. "Mama Sare, majirani, wadanganye utakavyo. Mimi nilikuandikia miaka miwili. Vidole viliota sugu. Mimi ungeniambia tu, 'Kitinda, sijasikia,' ningekwenda kutafuta daftari."

Mkasi aliinuka akamvutia shuka hadi mabegani.

Akawa anakwenda kila siku. Mama Sare alimpa ruhusa ya kutoka mchana, akamwambia sare zitasubiri, watoto hawatakwenda uchi. Mkasi alimwosha mdogo wake, akamchana nywele, akakunja mashuka kwa mikunjo ya kifundi hadi wauguzi wakamtania kwamba watamwajiri. Kila akifika, jambo la kwanza lilikuwa kubana kipaza sauti. Waliongea sana. Walimwongelea mama yao. Waliongelea yule jirani aliyekuwa anagombana dirishani. Siku nyingine Kitinda alinong'ona umbea wa wagonjwa wenzake kwenye kola, na Mkasi akiwa upande wa pili wa wodi anajaza maji, alisikia kila neno na kucheka peke yake, watu wakamwona mwendawazimu.

Wiki ya tatu, Jumatano, shemeji alirudi kutoka safari akaenda moja kwa moja wodini. Mkasi akawaachia nafasi. Alitoka akakaa kwenye benchi la korido. Hakukumbuka kuchukua kipaza sauti, na Kitinda hakukumbuka kwamba kipo.

"Dada yako anakuhudumia vizuri," sauti ya shemeji ilisikika kwa mbali.

"Vizuri mno," sauti ya Kitinda ikajibu, karibu sana, kama imeketi naye kwenye benchi. "Namwonea huruma, baba. Nikimwona anavyokunja yale mashuka namwonea huruma. Lakini sijamsamehe. Najitahidi. Kila asubuhi nasema leo, halafu nikimtazama mtoto wangu, moyo unakataa."

Mkasi alinyanyua mkono akakivua kile kifungo kichwani. Korido yote ikazimika, miguu ya watu ikawa inapita bila kishindo. Alikaa hivyo hadi alipomwona shemeji anatoka. Akakirudisha kichwani, akaingia, akauliza kama mgonjwa anataka maji.

"Umekaa nje muda mrefu," Kitinda akasema. Kisha jicho likamshuka hadi kwenye kola yake, akakigusa kipaza sauti, akamtazama dada yake usoni. "Hiki kilikuwa kinafanya kazi?"

Maishani mwake mote na kile kifaa, Mkasi alikuwa amejifanya kusikia asichosikia. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza kufanya kinyume chake.

"Hapana," akasema. "Chaji iliisha."

Kitinda akafumba macho. Kama aliamini au hakuamini, Mkasi hakujua, wala hakuja kujua. Siku zilizofuata waliongea kama kawaida, ila machache zaidi, kwa kuwa pumzi ilikuwa inapungua. Siku moja Kitinda aliushika mkono wa dada yake muda mrefu bila kusema kitu, na Mkasi aliutafsiri mkono ule kwa namna nyingi, mpaka akajikataza. Alikuwa ameunga vya kutosha maishani.

Kitinda alifariki siku ya Ijumaa mchana, mume wake yupo, dada yake yupo. Neno la mwisho alilolisema lilikuwa la kawaida, aliomba dirisha lifunguliwe. Mkasi alilisikia barabara, akaenda akafungua.

Nyumbani watu walijaa kutoa pole. Sebule ilikuwa inanguruma. Mama mmoja wa makamo, jamaa wa upande wa shemeji, alimshika Mkasi mikono yote miwili akamwambia maneno marefu, machozi yanamtoka. Mkasi alisubiri amalize.

"Mama, samahani," akasema. "Sijasikia hata neno moja. Hapa pana kelele. Twende nje uniambie."

Yule mama alishtuka, lakini akaenda naye. Nje, kando ya tangi la maji, akarudia yote. Yalikuwa maneno ya kawaida ya msibani: poleni, kazi ya Mungu, jikazeni. Mkasi alimshukuru kwa moyo wote.

Shemeji ilimchukua karibu mwaka kuzoea kumtazama usoni. Hakuwahi kusema neno baya. Alianza kumleta binti siku za Jumamosi akienda kupakia mzigo, akimwacha mlangoni bila kuingia. Sasa anaingia, anakunywa chai, anaondoka.

Binti ana miaka minane, ana meno mapya mawili ya mbele na haraka ya kusema. Jumamosi iliyopita alikuwa jikoni, bomba linamwaga maji kwenye ndoo, sufuria linachemka, naye amegeukia ukuta anachora kwa kidole na kusimulia habari ndefu.

"Mwanangu, sijasikia," Mkasi akasema. "Geuka huku."

Akageuka, akarudia kwa kasi ile ile.

"Bado. Ngoja nifunge bomba." Akafunga. Akazima na jiko. Akachuchumaa hadi nyuso zikawa sawa. "Haya."

Mtoto alishusha pumzi, kama wanavyoshusha watoto wakiona watu wazima wanachelewa kuelewa. "Mama Mkubwa, nimesema rafiki yangu wa shule ana paka, na yule paka amezaa, na wamoja hana mkia."

"Mmoja," Mkasi akasahihisha. "Mmoja hana mkia. Amekatwa au amezaliwa hivyo?"

"Amezaliwa hivyo. Lakini anaruka vizuri tu."

"Na hao wengine wana rangi gani?"

Binti akakaa chini sakafuni, akakunja miguu, akaanza kuwataja mmoja mmoja.